Kufuatilia dhoruba ya protoni za jua ukiwa Dodoma

Protoni zinazorushwa na milipuko ya jua huongozwa na uga wa sumaku wa dunia kuelekea kwenye ncha. Huku kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, huzuiwa kabla hazijafika kwenye angahewa ya kati. Wanafunzi wa fizikia husikia hivyo wakakata tamaa. Kwangu hiyo ni faida: anga la Dodoma linakupa kipimo cha kulinganishia na ncha, ambako protoni hizo huharibu ozoni.

Hatua ya 1: Chagua tukio. Anza na Januari 2005. Dhoruba ya Oktoba 2003 ilikuwa kubwa zaidi, ila setilaiti ya Aura ya NASA, yenye kifaa cha MLS (hupima gesi za angahewa) tutakachokitumia, ilirushwa Julai 2004. Kilele cha dhoruba ya 2005 kilifika tarehe 17 Januari, saa 17:50 UTC, yaani saa tatu kasoro dakika kumi usiku kwetu. Kumbuka hilo, maana kila faili la MLS linafuata siku ya UTC.

Hatua ya 2: Pakua data. Jisajili bure kwenye Earthdata ya NASA, uchukue mafaili ya MLS ya ozoni na ya OH (hidroksili, atomu moja ya oksijeni na moja ya hidrojeni) ya tarehe 10 hadi 25 Januari 2005. Ni madogo, bando la kawaida linatosha.

Hatua ya 3: Safisha. Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Fungua faili kwa Python, utupe kila kipimo ambacho "Precision" yake ni hasi, na kila wasifu (safu ya vipimo vya mahali pamoja, toka chini hadi juu) ambao "Status" yake ni namba witiri. Kisha bakiza vipimo vya usiku tu, pale "SolarZenithAngle" (pembe ya jua kutoka utosini) inapozidi nyuzi 100. Katika kimo tunachokitafuta ozoni ya usiku na ya mchana hutofautiana sana. Ukizichanganya, grafu itakuonyesha dhoruba isiyokuwepo.

Hatua ya 4: Tenga mikanda miwili. Mmoja nyuzi 65 hadi 75 kaskazini, mwingine nyuzi 3 hadi 9 kusini, Dodoma ikiwemo. Chukua wastani wa kila siku kwenye hektopaskali 0.046, takriban kilomita 70 juu.

Hatua ya 5: Chora na usome. Kaskazini utaona OH inapanda huku ozoni ikiporomoka. Protoni yenye nishati ya MeV 10 (elektronivolti milioni 10) hupenya hadi kilomita 65 hivi, ya MeV 100 hadi karibu 30. Njiani huvunja molekuli za naitrojeni na oksijeni. Ayoni (chembe zenye chaji) zinazozaliwa hushikana na mvuke wa maji na kuachia H (hidrojeni) na OH, na hizo ndizo zinazoila ozoni. Dhoruba ikipita, OH hutoweka upesi na ozoni hurudi. Oksaidi za naitrojeni ndizo sugu: kwenye giza la ncha hudumu majuma, zikishuka taratibu hadi stratosfia. Mstari wa mkanda wetu hautaitikia dhoruba. Ukiuona nao unaporomoka pamoja na wa kaskazini, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Ongeza mkanda wa tatu, nyuzi 65 hadi 75 kusini. Januari huko kuna mwanga karibu muda wote, kwa hiyo ondoa kichujio cha usiku kwa mkanda huo pekee. Anguko la ozoni litakuwa dogo zaidi, kwa sababu mwanga wa jua tayari unazalisha OH nyingi kila siku na mchango wa protoni hauonekani sana.