Somo: Lini ununue nyuzi za kaboni zenye ukakamavu zaidi kwa ajili ya jengo

Hatua ya 1. Jua unachopambana nacho: kuvunjika au kunepa? Paa pana huweza kuwa na nguvu ya kutosha na bado likanepa hadi vioo vilivyo chini yake vikapasuka. Nyuzi za T700, aina ya kawaida ya kaboni, zina moduli (kipimo cha ukakamavu, yaani kukataa kunepa) ya gigapaskali 230, nazo hukatika zikivutika takriban 2.1%. Zile za M40J, aina yenye ukakamavu zaidi, zina 377, ila hukatika kwenye 1.2%. Kwa hiyo ukakamavu unaoupata unaulipia kwa uvumilivu.

Hatua ya 2. Namba ya uzi si namba ya boriti. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea, na wauzaji hawana haraka ya kuwaonyesha njia. Nyuzi zikijaza 60% ya ujazo, epoksi, yaani gundi inayozishikilia, ikajaza sehemu iliyobaki, na zote zikaelekea upande mmoja, ile 230 inashuka hadi karibu 138. Chuma kina zaidi ya 200! Zitawanye pande zote na utabaki na kama 50, chini ya alumini yenye 70. Kinachoibeba kaboni ni wepesi: uzito wake ni kama moja ya tano ya chuma kwa ujazo uleule.

Hatua ya 3. Elekeza nyuzi kule mzigo unakopita, kisha ongeza kina. Ukiwa na ngozi mbili za kaboni zenye povu gumu katikati, kuongeza umbali kati yake mara mbili kunakupa ukakamavu wa karibu mara nne. Kuhama kutoka T700 kwenda M40J kunakupa mara 1.6 tu, na bei inapaa.

Hatua ya 4. Uzi mgumu uweke pale tu ambapo kina hakiwezi kuongezwa, tena juu kabisa na chini kabisa ya boriti. Katika banda la BUGA, maonyesho ya bustani huko Heilbronn, Ujerumani, mwaka 2019, nyuzi za kioo zilisukwa kwanza kama kiunzi, kaboni ikafuata mahali penye mzigo. Upana ni mita 23, uzito kilo 7.6 kwa mita ya mraba.

MASWALI

Mkuu, naweza kufunga kaboni moja kwa moja kwenye fremu ya alumini?

Hapana. Kaboni hupitisha umeme. Pakiingia unyevu, alumini inaliwa. Tenganisha kwa tabaka la nyuzi za kioo. Ukiwa pwani, chumvi huharakisha mambo.

Jua la huku halitalilegeza paa?

Nyuzi hazijali, epoksi ndiyo inajali. Iliyokaushwa bila joto huweza kuanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na paa jeusi juani hufika huko. Dai iliyopikwa kwenye tanuri.

Nina kibaraza cha mita 3 chenye nguzo mbili mbele ya duka. Ninunue M40J?

Nunua chuma, ndugu yangu. Paa la Steve Jobs Theater, ukumbi wa kampuni ya Apple huko Cupertino, Marekani, la mwaka 2017, lilihitaji kaboni kwa sababu linakalia kuta za kioo bila nguzo. Paneli zake zilitengenezwa Dubai. Kibaraza chako kina nguzo mbili.