Mambo ya kuzingatia kabla farasi wa maonyesho hajafa

Familia za Marekani zinazopeleka farasi kwenye maonyesho hupanga kila kitu mapema: lini farasi apigwe viatu, nani avute trela, mtoto avae nini uwanjani. Kifo hakipangwi. Farasi aliyetunzwa vizuri huweza kufika miaka 25 au 30, lakini msokoto wa tumbo humwondoa farasi mzima kati ya asubuhi na jioni. Yafuatayo yazungumzeni wakati bado anakula nyasi zake vizuri.

La kwanza, na naliona kubwa kuliko yote, ni nani mwenye kauli ya mwisho. Mara nyingi farasi ameandikwa kwa jina la mama, anayempanda ni binti, na siku ya balaa yupo kwa mkufunzi, jimbo jingine, wazazi hawapatikani kwenye simu. Daktari wa mifugo anataka idhini ya mwenye mali, na kila dakika ya kungoja ni maumivu. Andikeni karatasi moja: mwamuzi ni nani, nani ashike nafasi yake asipopatikana, je, mko tayari kwa upasuaji, na mwisho wa uwezo wenu ni kiasi gani. Upasuaji wa tumbo hugharimu maelfu ya dola, na kutaja kikomo mapema si ukatili. Nakala moja ikae kwenye trela pamoja na vyeti vya vipimo, nyingine apewe mkufunzi.

Kama farasi ana bima ya kifo, someni mkataba leo. Kwa kawaida kampuni hutaka ijulishwe mara farasi anapougua, itoe ridhaa kabla hajachomwa sindano ya mwisho isipokuwa daktari athibitishe kuwa ni dharura, na huweza kudai mzoga upasuliwe. Mkizika kwanza na kupiga simu baadaye, mnaweza kukosa malipo.

Kila anayemhudumia ajue hali yake ya kawaida. Farasi mkubwa akiwa ametulia, moyo hupiga kama mara 28 hadi 44 kwa dakika, na mshipa unaupata chini ya taya. Akiparapara ardhi, akageukageuka kutazama ubavu wake, akagaagaa na hatoi kinyesi, usisubiri kupambazuke. Upo pia uamuzi wa polepole, ambao ni mgumu zaidi: uvimbe ndani ya kwato usiopona, farasi anayelala chini muda mwingi kuliko anavyosimama. Secretariat, bingwa wa mbio za 1973, alikuwa na wahudumu bora kabisa, na bado ugonjwa huo wa kwato ulilazimu auawe kwa sindano mwaka 1989, akiwa na miaka 19.

Atakayesimama karibu wakati wa sindano ya mwisho aelezwe mapema atakachokiona. Dawa hupitishwa kwenye mshipa wa shingo, na ndani ya muda mfupi mnyama wa kilo 500 huanguka kwa kishindo. Kamba aishike daktari au mtu mzoefu, wengine wakae mbali. Baada ya hapo huweza kuvuta pumzi nzito au misuli ikatetemeka, na macho hubaki wazi. Daktari husikiliza moyo, kisha hugusa jicho kuhakikisha. Asiyeambiwa haya hudhani mnyama wake anateseka. Chagueni mahali tambarare ambapo trekta linafika, si ndani ya banda lenye mlango mwembamba.

Mwili je? Sheria za kuzika hutofautiana kati ya majimbo na hata kaunti, majira ya baridi ardhi huganda, na mzoga wenye pentobabitoli, dawa ya sindano hiyo ya mwisho, huweza kuua mbwa na tai wanaoula. Wekeni tayari namba ya mwenye mashine ya kuchimba na ya anayechoma au kubeba mizoga. Kama mtoto anataka singa za mkia, zifungeni kwa uzi na kuzikata kabla gari halijafika.

Mtoto mdogo msimwambie farasi "amelala". Ataanza kuogopa kitanda chake. Mwambieni amekufa, na sababu yake. Aliyekuwa akishindana msimpeleke mbio kutazama farasi mwingine. Wengine hutaka kwenda maonyeshoni hivyo hivyo, wakawasaidie wenzao kusuka manyoya ya shingo. Wengine hawataki hata kuusikia uwanja msimu mzima. Aulizwe yeye.

Na farasi aliyebaki aachwe amsogelee na kumnusa mwenzake. Aliyetenganishwa ghafla huweza kulia na kuzunguka uzio siku kadhaa. Kama walikuwa wawili tu, kubalianeni mapema na jirani atakayeleta farasi wake, au hata mbuzi, kwa maana farasi peke yake huweza kupoteza hamu ya kula, na ulaji wake lazima uangaliwe kila siku.