Somo: Kupiga picha ndege za kivita zoezi la Red Flag, kwa anayeanza

Red Flag ni zoezi la mapigano ya angani ambalo Jeshi la Anga la Marekani limekuwa likilifanya tangu 1975 katika kambi ya Nellis, nje kidogo ya Las Vegas, Nevada. Ndege huondoka kwa mkupuo, moja nyuma ya nyingine, zikapigane juu ya jangwa, kisha hurudi karibu kwa pamoja. Ukisimama pabaya au ukichelewa, lenzi ya gharama haitakusaidia. Kwa hiyo tunaanza na majira na mahali, kamera baadaye.

Hatua ya 1: Chagua majira
Zoezi hurudiwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Anza na lile la Januari hadi Februari. Julai joto hupita nyuzi 40, na hewa iliyo juu ya lami na mchanga huchemka. Mawimbi hayo ya joto hupinda mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, na hakuna programu ya kompyuta itakayounyoosha. Baridi hupunguza tatizo, ingawa hailiondoi. Kambi huwatangazia wakazi vipindi vya kelele nyingi. Fuatilia matangazo hayo.

Hatua ya 2: Mahali pa kusimama
Las Vegas Boulevard North inapita upande wa magharibi wa kambi na kuendelea hadi uwanja wa mbio za magari, Las Vegas Motor Speedway. Nellis ina njia mbili za kurukia zinazokwenda sambamba, kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Namba 03 ni ndege zikielekea kaskazini-mashariki, 21 zikielekea kusini-magharibi. Ukiwa barabarani alasiri, jua liko mgongoni mwako na ndege inamulikwa ubavu mzima. Asubuhi mambo hugeuka: utapata kivuli cheusi chenye mabawa.

Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo. Zikitumia 03, zinaondoka kuelekea upande wa Speedway. Zikitumia 21, upande huohuo ndio zinakoshukia. Tazama mbili za kwanza, kisha hamisha gari kama inabidi.

Simama kwenye ardhi ya umma, soma vibao, usiguse uzio, usizibe lango. Droni usiitoe hata kwenye begi. Askari akikuuliza, mweleze kwa utulivu unachofanya, na akikuambia uondoke, ondoka.

Hatua ya 3: Mpangilio wa kamera
Tumia hali ya M, yaani unapanga mwanga mwenyewe. Jua likiwa kali anza na tundu la lenzi f/8, shata 1/1600 ya sekunde, na ISO 400 (wepesi wa kihisi kupokea mwanga). Wengi huiachia kamera iamue, na hapo ndipo wanapoharibikiwa: ndege ikiwa kwenye anga angavu kamera hupunguza mwanga, na ndege inakuwa nyeusi, sekunde mbili baadaye ikipita mbele ya Sunrise Mountain, mlima wa kahawia, kamera inaongeza na rangi ya kijivu ya ndege inapauka. Jua halijabadilika, basi na mpangilio wako usibadilike. Kagua histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa jua linashuka.

Fokasi iwe ya kuendelea (AF-C, au AI Servo kwa Canon), kwa kundi dogo la pointi za fokasi badala ya moja tu. Hifadhi kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Usifunge tundu hadi f/16: kila chembe ya vumbi kwenye kihisi itaonekana kwenye anga la bluu. Na kwa vumbi la pale, usibadilishe lenzi nje ya gari.

Ndege za mapanga, kama C-130 ya mizigo, zinataka shata ya 1/250 au chini ya hapo, helikopta 1/125. Ukizipiga kwa 1/1600 mapanga yanaganda, na ndege inaonekana kama imezimika injini hewani.

Hatua ya 4: Kuifuata ndege
Elekeza miguu pale unapotaka kupiga picha, kisha zungusha kiuno kuipokea ndege inakotoka. Viwiko vibane mbavu. Anza kuifuata mapema, bonyeza picha 3 hadi 5, pumzika, bonyeza tena. Ukishikilia kitufe muda wote, kumbukumbu ya muda ya kamera inajaa na kamera inagoma wakati tairi zinaachana na ardhi.

Hatua ya 5: Mtiririko wa mchana
Ndege za kujaza mafuta na za rada kwa kawaida hutangulia. Ukiziona, kaa tayari. Wakati wa kurudi, ndege za kivita hupita juu ya njia, halafu zinalala ubavu moja baada ya nyingine ili kuzunguka na kutua. Sekunde hizo ndizo bora kuliko zote: unauona mgongo wa ndege ukiwa juani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina lenzi ya 70–300 mm tu. Nisubiri hadi nipate ndefu zaidi?*
Usisubiri. Kwenye kamera ya APS-C (yenye kihisi kidogo, kinachofanya ndege ionekane karibu zaidi), 300 inatosha kwa ndege inayokaribia kutua. Usihangaike na zilizo mbali chini. Hizo zinaharibiwa na joto hata kwa 600.

*Picha zangu ni laini, hazina kingo za wazi, ingawa shata ni 1/2000. Lenzi mbovu?*
Fungua picha tatu zilizofuatana, uzikuze. Kingo zikiyumba tofauti kila picha, ni joto. Mlima ukionekana wazi kuliko ndege, fokasi imekosa. Kila kitu kikiwa na mburuzo wa upande mmoja, ni mkono. Hakikisha pia hupigi juu ya boneti ya gari lililotoka kuzimwa.

*Dada, naweza kujifunzia kambi za huku Tanzania au Kenya?*
Hapana kabisa. Kupiga picha maeneo ya jeshi huko ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Jifunzie kwa kunguru na bodaboda. Anayeweza kumfuata kunguru anayekata kona ataimudu ndege ya kivita ya F-16.

*Na jioni, jua likizama?*
Fungua tundu hadi f/5.6, shata 1/500, ISO 1600 hadi 3200. Pima mwanga kwa ajili ya mkia wa moto wa injini na uache mwili wa ndege uwe na giza. Ukiung'arisha mwili, moto unageuka doa jeupe lisilo na rangi.