Olopololi: kupima malisho ya akiba kabla kiangazi hakijaanza

Katika wilaya za Longido, Monduli na Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, boma lililopangika vizuri huwa na eneo la malisho ambalo haliguswi wakati wa masika. Wengine huliita olopololi, wengine alalili, na kazi yake ni kutunza majani kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na wanyama wagonjwa au wazee, wakati kundi kubwa limekwenda mbali na vijana kutafuta malisho ya kiangazi. Utaratibu huu ni wa wafugaji wenyewe, na ulikuwepo kabla ya idara yoyote ya mifugo kuanzishwa. Kwa maoni yangu, hakuna teknolojia mpya itakayoamua hatima ya familia za wafugaji katika miaka ijayo zaidi ya jinsi watakavyolilinda na kulipima eneo hili, kwa sababu siku hizi mvua hazitabiriki kama zamani, na njia za kuhamia zinazidi kuzibwa na mashamba.

Ukame wa mwaka 2008 na 2009 ulimaliza makundi katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro, hata Serikali ikalazimika kugawa mitamba, yaani ng'ombe jike wachanga ambao hawajazaa, kwa kaya zilizobaki bila ng'ombe, mgao ambao watu waliuita kifuta machozi. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 hali kama hiyo ilirudi, na Simanjiro iliumia sana. Watu husema ng'ombe walikufa kwa kiu, lakini mizoga mingi huonekana karibu na visima na malambo, mahali ambapo maji bado yapo. Kinachowaua ni njaa: majani yaliyo karibu na maji huisha kwanza, mnyama hutembea mbali zaidi kila siku kwenda kula na kurudi kunywa, na hatimaye nguvu anazotumia kutembea zinazidi anachokipata.

Olopololi huvunja mzunguko huo, mradi iwe inatosha. Hapo ndipo tatizo lilipo, kwa sababu wengi wetu tunalitazama eneo likiwa limesimama majani mwezi Juni, tunaona limejaa, tunaridhika, kisha mwezi Septemba tunashangaa limebaki vumbi. Jicho hudanganya, hasa likiona mashina marefu. Kupima ni kazi ya asubuhi moja.

Chukueni fito nne zilizonyooka, kila moja ya mita moja, mzifunge kwa kamba ziwe mraba. Tembeeni kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo mmoja wa olopololi hadi mwingine, na kila baada ya hatua mlizokubaliana, labda 100, laza mraba chini palepale mguu ulipokanyaga, hata kama ni penye mawe au upara. Ukichagua mahali pazuri, unajidanganya mwenyewe. Kateni majani yote yaliyo ndani ya mraba, mkiacha kimo cha vidole vitatu kutoka ardhini, na muyatie kwenye kiroba. Msihesabu ndulele wala magugu mengine ambayo ng'ombe hayagusi. Mkishafanya hivyo mara 10, anikeni majani juani hadi shina likikunjwa livunjike badala ya kupinda, kisha myapime kwa mizani ya kuning'iniza. Tuseme jumla ni kilo moja na nusu. Hiyo ni gramu 150 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 1,500 kwa hekta moja, ambayo ni kama eka mbili na nusu.

Katika kilo hizo 1,500, mfugaji ana ruhusa ya kulisha nusu tu. Nusu nyingine hubaki kama mashina yanayokinga udongo usichukuliwe na mvua ya kwanza, na kama nguvu ya mizizi kuchipua tena. Najua inauma kuona ng'ombe amekonda na majani yamesimama, lakini olopololi iliyolishwa hadi udongo ukaonekana hurudi mwaka unaofuata ikiwa na magugu mengi kuliko majani, na ikirudiwa miaka mitatu mfululizo huacha kuwa olopololi.

Kwa hiyo tuna kilo 750 kwa hekta. Ng'ombe wa Kimasai mwenye uzito wa kilo 250 hula kiasi cha kilo sita za majani makavu kwa siku, na ndama wa kilo 60 karibu kilo moja na nusu. Boma lenye ng'ombe 10 wa kukamua na ndama 20 linahitaji kilo 90 kila siku. Kiangazi cha siku 120, kuanzia mwanzoni mwa Julai hadi mwishoni mwa Oktoba, kinahitaji kilo 10,800, ambazo zitatoka kwenye hekta 14 na kidogo, yaani kama eka 36. Ikiwa boma hilo lina eka 20 tu, majani yataisha katika siku za kwanza za Septemba. Jambo la maana ni kwamba mfugaji amelijua hilo mwezi Juni, wakati ng'ombe wake bado wana thamani na bado ana nafasi ya kuchagua.

Kuna njia mbili za kuziba pengo hilo, na kwa kawaida zote mbili hutumika pamoja. Ya kwanza ni kuongeza chakula. Majani yaliyoota kando ya barabara, kwenye mabonde na ndani ya uzio wa shule au zahanati yanaweza kukatwa yanapoanza kutoa maua, mwishoni mwa Mei, kabla virutubisho havijahamia kwenye mbegu, yakaanikwa na kufungwa marobota kwa sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kimo cha 45. Robota lililoshindiliwa vizuri huwa na kilo 20 hivi, na humtosha ng'ombe mmoja kwa siku tatu. Maganda ya mbegu za mgunga, ule ambao Wamasai huuita oltepesi, nayo ni chakula kizuri cha mbuzi na ndama. Kina mama na watoto wakiyakusanya yanapodondoka na kuyahifadhi mahali pakavu, yanasaidia sana mwezi Oktoba.

Njia ya pili ni kupunguza midomo. Katika mfano wetu, ng'ombe watano wa kukamua wakiondolewa, kwa kuuzwa au kwa kuungana na kundi la mbali, mahitaji yanashuka hadi kilo 60 kwa siku, na zile eka 20 zinafika siku 100. Pengo la siku 20 zilizobaki ni marobota 60, kazi ambayo familia moja inaimudu.

Nifafanue kuhusu kuuza, kwa sababu ni jambo ambalo sisi maafisa ugani tumelisema vibaya kwa miaka mingi. Tumekuwa tukiwaambia wafugaji wapunguze mifugo kana kwamba wingi wa ng'ombe ni ujinga, ilhali mzee mwenye ng'ombe 100 anajua kuwa ukame ukiua 60 atabaki na mbegu, na mwenye 10 hatabaki na kitu. Hesabu yake ina mantiki. Ninachoomba ni aangalie kundi lake lina nini ndani, na auze lini. Ndama jike anayezaliwa leo atachukua takribani miaka minne kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo kila mtamba anayekufa Oktoba ni miaka minne iliyopotea. Maksai, yaani madume waliohasiwa, hawana kazi hiyo ya kuzaa. Ng'ombe jike mzee ambaye ukimfungua kinywa unakuta meno ya mbele yamesagika hadi kwenye fizi naye hatavuka kiangazi kigumu, kwa kuwa hawezi tena kung'ata majani mafupi. Hao ndio wa kupelekwa mnadani kwanza, na wapelekwe Juni au Julai.

Msingoje mnyama aonekane amekonda kwa mbali. Weka kiganja chako ubavuni, nyuma ya bega, ubonyeze kidogo. Mwezi Juni, ng'ombe aliyeshiba masika ana nyama inayoteleza chini ya vidole, na mbavu unazihisi ukizitafuta tu. Pandisha mkono hadi kwenye uti wa mgongo, kati ya nundu na kiuno: ukihisi ncha za mifupa moja moja kama meno ya msumeno, mnyama huyo ameanza kula akiba yake mwenyewe, na kuanzia hapo kila wiki unayongoja unamuuzia mnunuzi mifupa. Katika minada ya Meserani na Longido nimewaona wafugaji wakirudi na ng'ombe wao jioni kwa sababu dalali amekataa hata kutaja bei, na siku hiyo hiyo, hatua chache kutoka hapo, debe la mahindi limepanda. Bei hizo mbili huenda kinyume kila ukame unapokuja. Aliyeuza maksai mmoja Juni na kununua magunia ya mahindi wakati wa mavuno amejikinga pande zote mbili.

Ulinzi wa olopololi ni suala la makubaliano kuliko uzio. Mipaka itajwe kwenye mkutano, iwe ya alama ambazo kila mtu anazijua, kama korongo, mti au kichuguu. Tarehe ya kufunga na ya kufungua iwekwe. Na faini iandikwe kwenye sheria ndogo za kijiji ili isiwe ugomvi kati ya maboma mawili. Kina mama waketi katika mkutano huo. Wao ndio wanaokamua kila asubuhi na wanaoona maziwa yakipungua kabla ya mtu mwingine yeyote, na katika maboma mengi wao ndio wanaoamua ndama yupi ameshiba. Tena, kijiji kikipata fedha za kuchimba kisima, kisichimbwe ndani ya malisho ya akiba, kwa kuwa kila penye maji pa kudumu hutokea duara la upara linalopanuka mwaka hadi mwaka.

Makubaliano hayo yanahitaji ardhi isiyoweza kuondolewa mikononi mwa watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kikundi kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na Sheria Na. 13 ya mwaka 2010 inahusu maeneo ya malisho. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha mipango yao ya matumizi ya ardhi, vikatenga malisho ya pamoja na kuyapa jina la OLENGAPA, linalotokana na majina ya vijiji hivyo. Kwa Wasukuma wa Shinyanga, ngitili, ambayo ni ndugu wa olopololi, zilifufuliwa kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Kinyume chake kipo Kajiado, Kenya, ambako ranchi nyingi za vikundi ziligawanywa vipande vya mtu mmoja mmoja, vingine vikauzwa, na sasa mwenye ng'ombe hukuta uzio pale alipopita baba yake. Kijiji kinachofikiria kugawa malisho yake kipeleke wazee wake Kajiado kwanza, wakazungumze na wenzao kabla ya kupiga kura.

Kwa upande wa afya, olopololi ina faida moja na hatari moja. Majani marefu ndipo kupe wanapomsubiri ndama, na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao ambao Wamasai huuita oltikana, huua ndama wengi kabla hata njaa haijafika. Lakini kwa kuwa ndama wote wa eneo wako pamoja, ni rahisi kuwachanja siku moja. Chanjo hii huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, ikishayeyushwa hutumika siku hiyo hiyo, na ndama hudungwa pamoja na antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Kinga yake ni ya muda mrefu, ingawa haizuii magonjwa mengine ya kupe, hivyo kuogesha kwa dawa ya kupe kuendelee. Maboma jirani yakijipanga na kumwita mtaalamu kwa pamoja, gharama ya safari hugawanyika.

Limebaki jambo ambalo wafugaji wengi huliacha nje ya hesabu. Ng'ombe wengi hufa baada ya mvua kunyesha. Wamefika Novemba wakiwa hawana mafuta, mvua ya usiku inawalowesha, baridi inawaingia, na asubuhi wanakimbilia chipukizi fupi zilizojaa maji, wanaharisha na kulala chini bila kuinuka. Majani mapya huhitaji kama wiki mbili hadi tatu kabla ya kuwa chakula. Kwa sababu hiyo siku 120 nilizotumia hapo juu hazitoshi. Ongezeni 30, kwa mvua kuchelewa na kwa majani kukua. Katika boma letu la mfano hizo ni kilo 2,700 zaidi, na eka 36 zinakuwa 45. Eka hizo tisa za nyongeza ziwe upande ulio karibu zaidi na zizi, zisifunguliwe kabla ya mvua ya kwanza, na wanyama wadhaifu walishwe humo majani makavu kila asubuhi kabla ya kuruhusiwa kuyafikia mabichi.