Simu ikiibiwa hosteli, usiishie kwa mlinzi wa lango

Kwa mnaosoma Maseno, Njoro na Kisumu mjini: daftari la mlinzi ni la chuo. Linasaidia, lakini kesi huanzia kwenye OB, daftari la matukio la polisi.

Kwanza funga laini. Azima simu, piga 100 kama ni Safaricom, useme wafunge laini pamoja na M-Pesa. Fanya haya kabla ya kuzunguka vyumbani ukiuliza, kwa sababu mwizi huchomoa kadi na kuitia kwenye simu nyingine papo hapo.

Kisha nenda kituoni na nambari ya IMEI, yaani nambari ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaandikisha "Tecno nyeusi", na Tecno nyeusi ziko tele. Piga *#06# uione IMEI leo hii, simu ikiwa bado mkononi. Ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Nakili zote kwenye karatasi, si kwenye simu hiyohiyo jamani. Katoni pia huwa nazo.

Usiondoke kabla hujaona IMEI imeandikwa na umepewa nambari ya OB. Kama kitambulisho kimeenda pia, omba abstrakti, hati ya polisi inayoonyesha umeripoti. Utaihitaji kupata kingine.