Soma Kitako Kwanza: Kununua Maganda ya Risasi Mtandaoni

Tangazo la maganda ya risasi lisilo na picha ya vitako, yaani upande wa chini wa ganda wenye maandishi, silihangaikii, hata bei iwe ya kutupa. Ganda lililokwisha kupigwa lina historia yake: nani alilitengeneza, mwaka gani, lilipigwa na bunduki ya aina gani, limeshajazwa upya mara ngapi. Muuzaji ataandika analotaka kuandika. Mimi naanza na kitako, bei inafuata.

Nawaandikia wenzangu tunaoishi Marekani, kwa sababu huku mtu kujijazia risasi zake mwenyewe gereji ni jambo la kawaida na vifaa vinauzwa waziwazi. Niko Texas, karibu na Houston, kazi yangu ni kuchonga vyuma kiwandani, na nina bunduki mbili ninazozijazia: moja ya risasi za kipimo cha 5.56, nyingine ya .308. Wenye mashamba wa huku wamechoshwa na nguruwe mwitu. Mimi mtu wa Tanga nyama hiyo siigusi, lakini nikialikwa kuwapunguza naenda, na mzoga haukosi wa kuubeba.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, kuna jambo la sheria ambalo wengi wetu hawalijui. Sheria ya shirikisho inaposema risasi, haimaanishi risasi kamili peke yake. Inahesabu pia ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), kichwa kinachoruka na baruti, kila kimoja kivyake. Na sheria hiyohiyo inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo kijana wa chuo anayeagiza ndoo ya maganda matupu akidhani ananunua shaba tu anaweza kuwa amevunja sheria bila kugusa bunduki. Mwenye kadi ya kijani hakatazwi kwa sababu ya ukaazi wake. Kama hujui uko upande gani, muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize muuza maganda.

Na usiyapeleke nyumbani. Kuyatoa Marekani kuna masharti ya vibali, na ukifika Dar es Salaam au Nairobi utamweleza nini askari wa uwanja wa ndege? Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya nayo ina yake, na hakuna hata moja inayotambua kumbukumbu ya safari. Jambo la mwisho la sheria: kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho, lakini ukianza kuwauzia watu ulizojaza, unahitaji leseni ya mtengenezaji.

Sasa tugeuze ganda. Maganda mengi ya kijeshi yanayouzwa huku yanatoka kiwanda cha Lake City, kilichoko Independence, Missouri, ambacho kimekuwa kikitengeneza risasi za jeshi tangu 1941. Kitakoni utaona herufi LC, tarakimu mbili za mwaka, na mara nyingi duara dogo lenye msalaba ndani, alama ya NATO. LC 17 ni ganda la 2017. Tazama pia panapokutana fataki na ganda. Kwenye ganda la kijeshi ambalo halijafanyiwa kazi utaona pete iliyokandamizwa kuizunguka fataki. Jeshi linaibana hivyo ili isichomoke ndani ya bunduki inayopiga mfululizo.

Pete hiyo ni ushahidi mzuri kwako. Fataki ikishatolewa, mbano ule lazima uondolewe, la sivyo fataki mpya haiingii vizuri: inapondeka mdomoni au inakaa upande. Kwa hiyo ganda lenye fataki iliyotumika na pete yake ingali nzima halijawahi kujazwa upya. Likiwa la LC na pete imeshafutwa, kuna mtu alilishughulikia kabla yako, na hujui alilijaza mara ngapi.

Dalili ya pili iko juu, shingoni na begani. Kiwandani sehemu hizo hupashwa moto ili shaba ilainike isipasuke, na jeshi haling'arishi rangi inayobaki. Utaona ukungu wa kahawia na bluu unaoshuka kutoka mdomoni hadi chini kidogo ya bega. Ila kama muuzaji ameyasafisha kwa maji na vijiti vya chuma, rangi hiyo inapotea, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si kosa. Maganda yanayong'aa kama bangili za harusi ndiyo yanayonifanya niulize maswali zaidi: mng'aro unavutia pichani lakini hauniambii kitu.

Maneno ya matangazo nayo yana viwango vyake. Wanaposema yamepigwa mara moja, uliza wamejuaje. Yakitoka kambi ya jeshi au uwanja wa mafunzo ya polisi, madai hayo yana mguu wa kusimamia, kwa sababu huko hawapigi risasi za kujaza nyumbani. Wanaposema yameokotwa uwanja wa shabaha, hilo ni kapu la mchanganyiko: humo mna yangu, yako, na ya mzee aliyeyajaza mara kumi akayaacha kwa sababu yamechoka. Mimi ya namna hiyo nanunua kwa ajili ya bastola tu, ambako shinikizo ni dogo na hasara ni ndogo. Kwa bunduki ya .308, hapana. Halafu kuna yaliyokwisha andaliwa: fataki imetolewa, mbano umeondolewa, urefu umekatwa. Hayo yana bei yake.

Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Tuseme maganda 1,000 ghafi ya 5.56 yanauzwa dola 90, usafirishaji dola 20. Ukichambua unatupa 80. Umebaki na 920 kwa dola 110, yaani karibu senti 12 kila moja. Yaliyoandaliwa, idadi hiyohiyo, unafikishiwa mlangoni kwa dola 170. Tofauti ya dola 60 ndiyo mshahara wako kwa kutoa fataki, kuondoa mbano na kukata urefu, ganda moja moja, mara 920, na kifaa cha kuondolea mbano bado hujakinunua. Mwenye mashine na jioni tupu atasema ghafi. Mwenye watoto wadogo na zamu za usiku anunue yaliyoandaliwa, asione haya.

Kama yanauzwa kwa uzito, jua uzito. Maganda 1,000 ya 5.56 yenye fataki zilizotumika ni kama kilo 6. Ya bastola ya milimita 9 ni karibu kilo 4. Ya .308 ya kijeshi hukaribia kilo 12. Tangazo likikuahidi 1,000 za 5.56 ndani ya pauni 10, yaani kama kilo 4 na nusu, hesabu haikubali. Wauzaji wengi hutumia maboksi ya posta ya bei moja, yanayopokea mpaka pauni 70 kwa nauli ileile, kwa hiyo ukiagiza kingi kidogo nauli ya kila ganda inashuka sana. Yawe matupu kweli, lakini. Ganda lenye fataki ambayo haijapigwa ni kitu cha kulipuka, na posta haipokei.

Matapeli wapo. Uhaba ulipobana mwaka 2020 na 2021 waliota kama uyoga, na hawajaisha. Duka lina kila kitu ambacho kwingine kimekwisha, bei ni nusu ya wenzake, picha zimeibwa, na malipo yanatakiwa kwa njia isiyorudisha pesa. Mimi namwandikia muuzaji kabla ya kulipa, naomba apige picha ya vitako ishirini hivi juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo. Mwenye mzigo anafanya hivyo kwa dakika tano. Asiye nao anaanza hadithi.

Maganda ya .308 ya kijeshi, yaani 7.62 ya NATO, yanastahili tahadhari ya peke yake. Mengi yametoka kwenye bunduki za rashasha, na chemba za bunduki hizo, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ni legevu ili zisikwame kwenye vumbi. Ganda linavutika linapopigwa, na panapovutika ni karibu na kitako, kwa ndani, usipoweza kupaona. Ukilibana tena lirudi umbo na kulipiga mara kadhaa, linaweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki yako. Kipimo ni rahisi: chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, ukipinde ncha iwe kulabu ndogo yenye makali. Kiingize ndani ya ganda mpaka chini, kisha ukivute juu polepole huku ukiikwaruza ncha ukutani. Kidole kikihisi kishimo, kama kucha imekwama kwenye ufa, ganda hilo limekwisha. Wakati mwingine kwa nje utaona pete nyembamba inayong'aa mahali hapohapo. Usisubiri uione.

Tena ganda la kijeshi la saizi hii kwa kawaida ni nene kuliko la kiraia. Unene huo unakula nafasi ya ndani, kwa hiyo baruti ileile inaleta shinikizo kubwa zaidi. Kipimo cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji, uanzie chini kabisa, na usichanganye kijeshi na kiraia kwenye kundi moja.

Mzigo ukifika, vaa glavu, fungulia nje. Mabaki ya fataki yana risasi, ile metali yenye sumu, na vumbi lake si la kuletwa jikoni wala kwenye zulia wanapotambaa watoto. Kwa sababu hiyo mimi nasafisha kwa maji, si kwa punje kavu zinazotimua vumbi. Kwanza pitisha sumaku juu ya rundo: kinachonasa ni chuma kilichopakwa rangi au shaba, hakifai. Kisha tafuta risasi nzima. Zinapatikana, hata kwa wauzaji waaminifu, na moja ikiingia kwenye mashine ya kutolea fataki ni balaa. Kisha vitu vilivyojipenyeza: kwenye milimita 9 utakuta .380, inayofanana nayo ila ni fupi, milimita 17 dhidi ya 19. Kwenye .45 ya bastola utakuta yenye fataki kubwa na yenye fataki ndogo, na mashine haitambui tofauti mpaka ikwame.

Mulika tochi ndani ya yoyote yenye maandishi usiyoyajua. Tundu moja katikati, sawa, ni mfumo wa fataki wa Boxer. Matundu mawili madogo pembeni ni Berdan, na pini yako ya kutolea fataki itavunjika ukilazimisha. Ajabu yake ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani ikashika mfumo wa Mwingereza na majeshi mengi ya Ulaya yakashika wa Mmarekani. Ndiyo maana bidhaa za ziada kutoka ng'ambo nazitazama mara mbili.

Kwenye kuosha, maji ya moto, sabuni ya vyombo na chembe za asidi ya limau zinatosha. Usitumie dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia. Shaba hii ni takriban asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na amonia inaipasua pale ilipo na mkazo. Jeshi la Waingereza kule India lililijua hilo kwa shida: wakati wa masika waliweka risasi kwenye mazizi ya farasi, wakazikuta zimepasuka zenyewe. Ilipofika 1921 ndipo ikaelezwa kwamba sababu ni amonia ya mkojo wa farasi. Ganda lililofubaa kahawia halina neno. Lenye ukijani uliochimba, au madoa ya waridi ambako zinki imelika, litupe.

Baada ya hapo pima urefu kwa vernia, lakini baada ya kulirudisha umbo, siyo kabla, kwa sababu kubanwa kunalirefusha. Kwa .223, ambayo ganda lake lina vipimo sawa na la 5.56, mwisho ni milimita 44.70, nami nakata mpaka 44.45. Kwa .308 mwisho ni 51.18. Ganda refu kupita kiasi linabanwa mdomo na chemba, kichwa kinakosa njia ya kutoka kwa ulaini, na shinikizo linapanda.

Nayagawa kwa mwaka na kiwanda, kila kundi kwenye kopo lake lenye karatasi: LC 17, tarehe ya kununua, muuzaji, na alama kila yanapojazwa. Nikimaliza nina kumbukumbu ya muuzaji yupi hasara yake ni maganda mangapi kwa mia, na huyo ndiye ninayemrudia au kumwacha. Yaliyokataliwa nayaponda midomo kwa koleo palepale ili yasirudi kwenye ndoo nzuri wala kuokotwa na mtu mwingine, naweka kwenye debe chini ya meza, na likijaa nampelekea mnunuzi wa vyuma chakavu. Analipa kwa uzito, pauni kwa pauni, na ananikagulia debe zima kutafuta risasi nzima kabla ya kuliweka kwenye mizani.