Machicha ya bia kwa kondoo wangu
Kabla hujalipia, chota machicha kiganjani, yaminye, yanuse. Mazuri yananukia kimea. Yenye ukungu usiyapokee hata ya bure. Karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo juani hayakai siku nyingi. Mimi huyashindilia ndani ya pipa, nikatandaza nailoni na kuigandamiza kwa mawe, hewa isipenye.

Kondoo wale nyasi kavu kwanza. Anza na konzi moja, panda polepole hadi kilo moja kwa mkubwa. Changanya na chokaa ya mifugo, maana machicha yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na hali hiyo huwafanya madume wazibe mkojo kwa vijiwe. Machicha ya pombe kali iliyopikwa kwenye mitambo ya shaba siyagusi: shaba ikijaa kwenye ini, kondoo hufa ghafla.